Siku tatu na MTB, mteremko wa asili uko wapi? Fuata njia ya gulio

Mkuu mleta mada, umesema una siku tatu tu, unatokea Dar, una MTB (baiskeli ya milimani) ya mtumba yenye shokapu ya mbele na breki za diski, na unataka mteremko wa asili, zile njia za kuchongwa zenye matuta ya kurukia hutaki. Nimesoma majibu ya wadau hapo juu naona karibu wote wanakutuma Kilimanjaro. Naomba nipingane nao kidogo alafu nikueleze mi huwa natafutaje, maana nimeshashuka sana Usambara na Uluguru na huko kote hamna kibao kilichoandikwa baiskeli zipite huku.

Kilimanjaro ni mlima mrefu, sawa, ila urefu wa mlima hauna uhusiano na utamu wa mteremko. Mita 5,895 zile ni za kupigia picha. Ukitaka kuingia na baiskeli ndani ya hifadhi unaongelea kibali, ada za kila siku, muongozaji, mwili kuzoea hewa, siku tatu zinaisha hujashuka kitu. Kama unang'ang'ania huko basi baki chini ya geti, kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya Wachaga yanayozunguka nyumba. Panda na Noah au boda mpaka jirani na geti la Marangu, pale ni kama mita 1,900, alafu shuka kwa vijia vya katikati ya migomba mpaka barabara kuu. Pazuri, kona nyingi, mifereji ya Wachaga inakatiza njia kila mahali, ila pamejaa makazi, kila baada ya dakika mbili uko uani kwa mtu, nguo zimeanikwa, mbwa hao. Spidi sahau.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe. Usitafute mlima, tafuta ukingo. Hii milima yetu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya, Upare, Usambara, Uluguru mpaka Udzungwa, haikutoka kwenye volkano kama Kilimanjaro, ni miamba ya kale sana iliyopasuka ikainuliwa juu kama kipande kizima, ndo maana ukifika juu Usambara unakuta vilima na mabonde na vijiji na watu wanalima kabichi kama vile hawajui wako mlimani, alafu unatembea kidogo ghafla nchi inakatika, tambarare iko huko chini mita elfu moja. Hapo kwenye kukatika ndo pa kwako.

Na hapo kwenye kukatika kuna kitu kimoja muhimu kuliko vyote, watu. Juu kuna mboga, viazi, matunda. Chini kuna mpunga, mahindi, mifugo, barabara ya lami. Watu wameshuka na kupanda hapo tangu enzi za mababu na mizigo kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani hachagui njia ya kijinga. Anatafuta mwinamo ambao magoti yatavumilia, anakwepa utelezi, anazunguka jiwe kubwa, pakizidi kuwa wima anapiga zigizaga. Ukiangalia vizuri ni vitu vilevile tairi ya baiskeli inavyovitaka. Ndo maana nasema fundi bora wa njia za baiskeli Tanzania ni mama anayepeleka ndizi gulioni, na hajawahi kulipwa hata mia.

Ukifika ukingoni utakuta njia za aina tatu na ukizichanganya umeumia. Kuna njia ya mzigo, hiyo nimeshaisema, pana kidogo, imekanyagwa ikawa ngumu, ina sehemu za kupumzikia, mara nyingi kuna mti mkubwa na mawe ya kukalia. Kuna njia ya mbuzi, nyembamba, inaanza vizuri inakuchekea alafu inaishia kichakani au juu ya jabali, mbuzi yeye anaruka wewe utabaki unabeba baiskeli begani. Na kuna njia ya maji, hii ndo mbaya zaidi kwa sababu kwenye picha ya setilaiti inaonekana safi kabisa mstari mwekundu unashuka moja kwa moja, kumbe ni korongo, mvua imechimba katikati mfereji wa magotini, tairi la mbele likiingia humo halitoki na wewe unatangulia mbele bila baiskeli. Njia ya mzigo inapinda pinda, njia ya maji inanyooka. Ukiona kitu kimenyooka sana kwenye mteremko mkali kitilie shaka.

Kabla ya safari kaa na simu au laptop. Fungua Google Earth uone vijia vyenyewe, na fungua OpenTopoMap uone mistari ya mwinuko, hiyo ni bure. Chukua kijiji cha juu na cha chini, toa mwinuko mmoja kwa mwingine, gawa kwa urefu wa njia. Mita 1,000 ndani ya kilomita 10 ni asilimia 10, hapo unacheka njia nzima. Mita 1,000 ndani ya kilomita 5 ni asilimia 20, hiyo kwa shokapu ya mbele tu ni kazi, mikono itakufa ganzi. Juu ya hapo ni ngazi, acha. Ila usiiamini sana hiyo mistari, sehemu kubwa ya vipimo vya mwinuko kwenye hizi ramani za bure ilitoka kwenye rada ya chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, na nukta moja hadi nyingine ni kama mita 30, kwa hiyo genge fupi la wima linaweza likamezwa kabisa, ramani inakwambia mteremko wa kawaida kumbe kuna ukuta. Na usitegemee Strava, ile app ya kurekodi safari za baiskeli, ikuonyeshe wenzako walipopita, vijijini kwetu utakuta patupu, na patupu haimaanishi hamna njia.

Ukifika sasa, uliza, lakini uliza vizuri. Ukiuliza "njia nzuri ya baiskeli ipo?" utaelekezwa barabara ya magari, kwa nia njema kabisa, maana kwa mzee wa kijijini baiskeli ni ile nyeusi ya kubebea mkaa. Msalimie kwanza, shikamoo mzee, habari za hapa, kaa kidogo, alafu muulize gulio ni siku gani na kina mama wanashukia wapi. Swali linalofuata, mtu akiwa na ndoo kichwani anapita bila kushika miti? Akisema anapita, na wewe utapita. Akicheka kwanza kabla ya kujibu, mshukuru uondoke. Boda nao waulize, pikipiki ikipita baiskeli inapita, sema njia za boda zina mfereji katikati na vumbi la kutosha.

Kwa siku tatu zako mi ningekwenda Lushoto bila kujiuliza. Siku ya kwanza ni safari, basi la Dar kwenda Lushoto linaingia Mombo alafu linapanda kona za Soni, kilomita 33 hivi za lami mpaka mjini, kaa dirishani uangalie. Mji uko kama mita 1,400, kuna baridi, beba sweta usije na kaptula tu. Jioni kama mwili unaruhusu nenda Irente ukaone ukingo wenyewe, Mazinde na mashamba ya katani yako chini ya miguu yako, na pale Irente Farm kuna jibini na mkate mweusi ambao peke yake unatosha kuwa sababu ya safari. Ila pale usishuke na baiskeli mkuu, hata kijana wa pale akikwambia njia ipo. Ipo, ya miguu na mikono.

Siku ya pili asubuhi panda Magamba. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo pita ofisini kwao ulipie na uulize ni njia zipi baiskeli inaruhusiwa, usijipenyeze kwa nyuma. Huko ni mizizi, majani yaliyooza, kivuli, ukungu, mambo ya taratibu, ni sehemu nzuri ya kuijua baiskeli yako inakamataje kabla ya mteremko mkubwa. Mchana tafuta gari la Mtae. Watu wengi wanafanya Lushoto kituo, kila siku wanatoka na kurudi hapohapo, nusu ya muda unaisha barabarani. Wewe nenda na begi lako, ukalale Mtae au Mambo, huko mwisho wa milima upande wa kaskazini, karibu mita 1,900 kule Mambo, vijiji vimekaa juu ya ukingo kabisa, asubuhi kukiwa kweupe unaona tambarare ya Mkomazi na milima ya Pare.

Siku ya tatu amka mapema, kunywa chai, shuka Mnazi. Kuna barabara ya vumbi ya kona kali inayoteremka, na kuna vijia vinavyoikatiza, ndo vile vya watu wa gulio. Mi huwa nachanganya, kijia kikiwa kizuri nafuata, kikianza kuwa ngazi narudi barabarani, kwa sababu vinakutana na barabara mara kwa mara huwezi kupotea sana. Ni zaidi ya mita elfu moja za kushuka, unaanza na sweta unamaliza jasho linakutoka, juu mibuni na migomba, chini miiba na joto la nyika. Ukifika Mnazi hurudi tena juu, unatoka kwa chini kwenda Mkomazi kwenye barabara kuu ya Arusha, hapo unadaka basi la Dar. Huo usafiri wa Mnazi mpaka Mkomazi upange kabla hujashuka, mwombe mwenyeji wako Mtae apige simu, maana magari ni ya kuhesabu na ukichelewa utalala.

Kama siku zikipungua zikawa mbili basi Morogoro. Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji, iko kama mita 1,300 na mji uko mita 500 na kitu. Boda anakupandisha asubuhi, unashuka kwa njia za Waluguru wanaoleta mboga na ndizi sokoni, unakula, unapanda tena mchana. Ni fupi ila unaipiga mara mbili kwa siku, na kwa safari fupi hilo ni jambo kubwa kuliko mteremko mrefu wa mara moja. Mawe ni mengi kuliko Lushoto, na jua likiwaka hamna kivuli huko katikati.

Kuhusu msimu, Machi mpaka Mei achana nako. Udongo mwekundu wa huko ukilowa unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka kwenye fremu, sitanii, unaikwangua kwa kijiti kila baada ya hatua kumi. Juni mpaka Septemba ndo wenyewe, au Januari na Februari kabla masika hayajaanza.

Kuhusu baiskeli yako. Breki za diski angalia pedi kabla hujaondoka Dar maana Lushoto utapata fundi mzuri sana ila pedi za saizi yako hatakuwa nazo. Usishike breki moja kwa moja njia nzima, shika kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha zipoe, na ukisikia harufu ya kuungua simama upige picha kidogo. Kiti shusha chini kabisa. Upepo wa tairi fundi wa mtaani atakujazia mpaka liwe jiwe, punguza, ila kama unatumia tyubu usipunguze sana, rimu itaibana kwenye mawe uipate pancha ya matundu mawili. Na chini kule Mnazi usiweke baiskeli pembeni ya njia hovyo, miiba ya migunga iko chini ya majani imekusubiri wewe, beba tyubu mbili na viraka. Kwenye basi ukitoa gurudumu la mbele weka kipande cha boksi katikati ya pedi za breki kama ni za mafuta, mtu wa buti akibonyeza breki bila diski pedi zinagandana na utahangaika nazo Lushoto jioni nzima.

Alafu njiani anayepanda na mzigo ana haki zote, wewe simama pembeni upande wa chini wa njia, mwamkie, mwache apite. Mchana watoto wanatoka shule wamejaa njia nzima na watakukimbilia, hapo ni mwendo wa kutembea. Funga kengele, hata ile ya bei rahisi, kwenye kona za vichaka inaokoa.

Yule mdau wa Eldoret aliyeuliza na Kenya je, ndugu yangu wewe umekaa karibu na hazina, Iten iko mita 2,400 na bonde la Kerio liko zaidi ya mita elfu moja chini yake, lami ya Tambach utaiona kwenye ramani ila mi ningeuliza kina mama wa Tambach walipitia wapi kabla ya lami. Na wa Mombasa angalieni Taita, Wundanyi kushuka Mwatate, ni milima ileile ya kwetu tu imevuka mpaka.

Mleta mada ukishapata tarehe sema humu, na useme breki zako ni za waya au za mafuta na tairi zina upana gani, nikwambie kama kipande cha juu cha Mtae utapita kwenye vijia au ubaki barabarani.