Hita ya kuogea kwa wapangaji sita, Tabora

Mdogo wangu, nimekuelewa: mko wanafunzi sita, bafu moja, tangi la hita limetoboka na mwenye nyumba kawaachia mchague jipya. Shawa ya umeme isiwavute kwa bei. Ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24 hivi. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 unaweza kupata moto kupita kiasi, hata uungue. Chukueni tangi la lita 50, kilowati 1.5. Kulipasha toka nyuzi 25 hadi 60 hula kama uniti mbili za umeme wa LUKU, na mkichanganya na maji baridi kwenye ndoo linawatosha wote, hata asubuhi za Juni. Valvu ya usalama, inayopunguza presha ya tangi, msiizibe kamwe, hata ikidondosha maji. Ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, aipime fundi umeme mwenye leseni. Mkisikia shoti bafuni, zimeni swichi kuu. Na gharama itakavyokatwa kwenye kodi ya nyumba, mwandikishiane na mwenye nyumba kabla ya kununua.