Sigara tatu kwa siku

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani wa miaka 46, mwembamba tangu ujana, na huvuta sigara tatu tu kwa siku: moja baada ya chai ya asubuhi, moja mchana na moja ninapofunga kibanda. Kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuwa mnene na asiyevuta kabisa, alifariki mwaka jana kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52. Mke wangu ananisihi niache sigara. Mimi naona unene ndio unaoua. Nani kati yetu yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa msiba. Mkeo yuko sahihi.

Kwa saratani ya mapafu, hatari hupanda takriban sambamba na idadi ya sigara, lakini moyo haufuati hesabu hiyo: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Moshi kidogo hutosha kuudhuru utando wa ndani wa mshipa na kuifanya damu igande upesi, na donge hilo likiziba mshipa unaolisha moyo, mtu huanguka.

Wembamba nao si kinga. Huko Karelia ya Kaskazini, nchini Finland, waliokuwa wakifa kwa wingi kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wakata magogo na wakulima, watu wa kazi nzito, ila walivuta sana na kula siagi na chumvi nyingi. Mradi wa afya ulioanza mwaka 1972 chini ya daktari Pekka Puska ulibadili mazoea hayo, na katika miaka 40 hivi vifo vya ugonjwa huu miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vikapungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umri wa kaka yako. Ndugu wa damu wa kiume akipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, nawe umo hatarini, kwa hiyo kapime shinikizo la damu, sukari na lehemu (mafuta yaliyomo kwenye damu) mwezi huu. Kupunguza hadi sigara moja hakutoshi. Ukiacha kabisa, baada ya mwaka mmoja hatari hiyo ya ziada hushuka kwa karibu nusu. Anza na ile ya asubuhi: chai inywee nyumbani, mkeo akiwepo.