Jua Lisipozama, Maghribi Itasaliwa Lini?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, kazi yangu upishi. Nimepika hoteli za Nungwi miaka mingi. Msimu uliopita nilipata kazi ya kuwapikia wapanda milima Antaktika, kambini chini ya milima ya Ellsworth. Jua huko halizami. Muislamu mwenzangu akaniambia sala ni kwa wakati wake, na pasipo wakati hapana sala. Nikamfuata. Siku 56 sikusali hata sala moja. Sasa nimerudi, mama ananiuliza, "Huko ukisali vipi, mwanangu?" Namjibu nikisali kama kawaida. Nafsi inanisuta. Je, sala hizo nadaiwa? Na wakiniita tena Novemba, niende?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Barua yako imeninyima usingizi, kijana wangu, kwa sababu hayo uliyoambiwa barafuni mimi nimeyasikia hapa hapa Mjini, barazani, yakisemwa na mtu mwenye kilemba. Kama yamefika mpaka huko, basi hayafai kunyamaziwa.

Sala unadaiwa. Zote.

Wenye kauli hiyo hushika aya ya Suratun-Nisaa, kwamba sala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati. Husema wakati ndio sababu ya faradhi. Sababu ikikosekana, na faradhi haipo. Wajuzi wao hukutajia na al-Baqqali wa madhehebu ya Hanafi. Watu wa Bulghar, nchi ya kaskazini ambako siku za kiangazi wekundu wa magharibi, ambao ukiondoka ndipo Isha huingia, hauondoki mpaka alfajiri, walipouliziwa Isha yao, yeye alisema hawana Isha, kama aliyekatwa mikono asivyokuwa na faradhi ya kuiosha. Lakini tazama wanavyomtendea mwanachuoni huyu. Yeye alisema juu ya sala moja, kwa watu waliokuwa wakisali nne. Hawa wameichukua kauli yake wakaangusha tano! Na hata kwa hiyo moja, Ibn al-Humam, naye Hanafi mwenzake, alimrudi: mkono uliokatwa ni mahali pa faradhi pameondoka, wakati usioonekana ni alama tu iliyokosekana, na jambo haliondoki kwa kukosa alama moja ikiwa dalili nyengine ipo.

Na dalili ipo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipowaeleza Masahaba siku za Dajjali, kwamba siku moja itakuwa kama mwaka, hawakuuliza tutakula nini wala tutakimbilia wapi. Waliuliza: siku hiyo iliyo kama mwaka, itatutosha sala ya siku moja? Akasema: "La, ikadirieni kwa kadiri yake." Jua moja, mwaka mzima, na sala haikuanguka. Nawaomba wenye kauli ile wanambie wanaipeleka wapi hadithi hii.

Tena, hata hilo la kuwa huko hakuna wakati si kweli. Wewe mwenyewe umeishi huko. Hukuuona mlingoti wa bendera kambini? Jua la huko halisimami, linazunguka. Mchana huwa juu zaidi, usiku wa manane huwa chini zaidi, na kivuli cha mlingoti hufupika kisha huanza kurefuka. Kivuli kikianza kurefuka, hiyo ni Adhuhuri, ile ile ya Wete. Kikiongezeka kwa urefu wa mlingoti juu ya pale kilipokuwa kifupi, imeingia Alasiri. Sala mbili zilikuwa zimeandikwa kwenye theluji mbele ya mlango wa jiko.

Zilizobaki zinakadiriwa. Maulamaa wengi wa leo wanasema ufuate mji wa karibu wenye usiku na mchana. Wapo wanaokadiria kwa nchi zilizo kwenye latitudo ya nyuzi 45. Mimi nakuchagulia Punta Arenas, kule Chile, mnakopandia ndege na ambako saa za kambi yenu zinafuata. Usiku wa Disemba huko ni mfupi, lakini upo. Na kwa kuwa unakaa kambini zaidi ya siku nne, kwa madhehebu yetu ya Shafi wewe si msafiri: sali kamili, usikusuru wala usijumuishe.

Udhu usikutie hofu. Usitayamamu kwa theluji, maana si udongo, wala kuipitisha theluji mkononi si kuosha isipoyeyuka ikatiririka. Lakini wewe ni mpishi! Kutwa unajaza theluji kwenye masufuria iyeyuke upate chai na supu. Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, ndicho kibaba chetu hichi. Kibaba cha maji ya vuguvugu hutakosa. Viatu vizito vinavyopita vifundo ukivivaa na udhu kamili, pangusa juu yake badala ya kuosha miguu, muda wa saa 24, kuanzia udhu ulipotenguka baada ya kuvivaa.

Sasa deni lako. Siku 56 ni sala 280. Ni nyingi kuzitaja, si nyingi kuzilipa: kila ukisali faradhi, unganisha na ya deni iliyo mfano wake, na ukiweza mbili, afadhali. Ulidanganyika, hukufanya kiburi, na machungu uliyonayo naomba yawe ni toba. Mama usimwongopee tena, lakini pia hulazimiki kumfunulia ambalo Mola amekusitiri. Akiuliza, mwambie: "Mama, sala zangu za kule zina upungufu, nazilipa, niombee." Atakuona unavyokaa kwenye mswala baada ya watu kuondoka. Mama wa Kipemba atafahamu, na hatakuuliza tena.

Kwenda tena si haramu, kazi yako ni halali, ila nyama ya nguruwe usikubali kuipika, na hilo uwaambie kabla ya kutia saini. Mama akiridhia, nenda. Ukiwa Punta Arenas, chapisha ratiba ya sala ya msimu mzima kwenye karatasi, usitegemee simu, uibandike ukutani juu ya jiko unaloyeyushia theluji.

Wallahu aalam.