Nafasi katika safu ya matwari

Swali lenu la wiki hii linauliza kama muziki na ada za kwetu ndizo zinazotufanya tuwe tulivyo, au ni burudani na kumbukumbu tu. Mimi ni mtu wa Lamu ninayeishi Mombasa, na jibu langu halina kigugumizi. Kwetu kuna muziki uliowapa mahali pa kukaa watu walioambiwa hawana pao, na wajukuu wao leo hujitambulisha kwa muziki huo kabla hata hawajataja ukoo. Nazungumzia Maulidi ya msikiti wa Riyadha wa Lamu, yanayosomwa kila mwaka Mfungo Sita, ambayo watu huyafungia safari kutoka Tanga, Unguja, Ngazija na hata Uganda.

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa nasaba. Mkomani, upande wa kaskazini, walikaa waungwana katika majumba ya mawe. Langoni, upande wa kusini, ndiko walikojikusanya wageni na wanyonge katika nyumba za makuti, na ng'ambo mashambani walikuwako watumwa waliowalimia mabwana zao. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu ila mwaka 1907. Muziki nao ulikuwa na wenyewe. Siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa za kupulizwa, ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilipulizwa katika harusi na sherehe za wakubwa. Leo ni mali ya makumbusho, watalii huzipiga picha na kusifu ufundi wake, na kweli ni kazi ya kustaajabisha. Lakini siwa haikulia kwa harusi ya mtumwa. Mtu aliyezaliwa Lamu, akala na kulala Lamu maisha yake yote, aliweza kuisikia sauti ya mji wake na kujua kwamba haimhusu.

Maulidi yalikuwapo zamani. Yalisomwa yale ya kitabu cha Barzanji, kwa utulivu, msomaji akisoma na waliobaki wakiitikia, wenye elimu na ukoo wakiwa mbele. Kisha akaja Habib Swaleh, yaani Swaleh bin Alawy wa ukoo wa Jamalil-Leil, sharifu, yaani mtu wa kizazi cha Mtume, mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu mwishoni mwa karne hiyo. Kwa nasaba yake angeweza kukaa Mkomani na kuheshimiwa kwa raha zake. Yeye alikwenda Langoni. Aliwasomesha watoto wa watumwa na wa Washihiri (Waarabu wa Hadhramaut) mafukara pamoja na wengine, akawatibu wagonjwa, na akaleta maulidi aliyoyatunga Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, huko Yemen. Maulidi hayo aliyasomesha kwa matwari, yaani ngoma za duara za kushika mkononi, na nai, aina ya filimbi, ndani ya msikiti.

Wakubwa wa mji walikasirika. Ngoma msikitini? Tena mikononi mwa watu wale? Wapo waliosema ni kuivunjia dini heshima, na mabishano yakachukua miaka. Siamini kwamba kilichowaudhi kilikuwa ngozi ya mbuzi peke yake. Sheria ya ala za muziki ina mjadala wake wa kweli kati ya wanavyuoni, na sina elimu ya kuuamua. Lakini mtu uliyezoea kumwona kizingitini akiingia, akakaa safu moja na sharifu, akapiga na kuitikiwa, huyo anabadilisha hesabu ya mji mzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha ukasimama huko huko Langoni, na baadaye waungwana wenyewe wakawa wanashuka kutoka Mkomani kuhudhuria.

Sasa niseme jinsi jambo hili linavyofanya kazi, maana wengi huliona kwa mbali wakafikiri ni kuyumbayumba tu. Twari ni duara la mbao lililowambwa ngozi. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, kwa hiyo kabla ya kusoma huletwa makaa, matwari yakaoteshwa moto, na kila mara mtu hulipiga lake kwa ncha za vidole kusikiliza kama limekaza. Likizidi moto hupasuka. Likipungua hutoa sauti nzito isiyokwenda mbali. Tulipokuwa vijana wa madrasa, mwalimu alitufundisha kusikia kabla ya kutufundisha kupiga. Ukingoni kuna sauti kali, katikati kuna sauti nene, na kasida hutembea juu ya hizo mbili. Kijana mwenye nguvu kila mara hutaka kukimbia. Mwalimu alikuwa akimgusa bega: "Polepole, mwanangu. Wasikize wenzio."

Usiku wenyewe safu mbili huelekeana, kanzu nyeupe na kofia, na mwendo huanza kwa kuinama kidogo upande huu na upande huu. Udi unafuka, mrashi unapita, mikono ya watu inanukia marashi. Unapofika wakati wa kisimamo, pale panaposomwa kuzaliwa kwa Mtume, umati mzima huinuka kwa pamoja. Pale usipokwenda na wenzako utamgonga aliye kulia kwako, naye atamgonga wa kulia kwake. Unalazimika kumsikiliza mtu ambaye mchana huenda humpi salamu. Nimesimama kati ya mvuvi na mtoto wa kadhi, na mkono wa mvuvi ndio uliotuongoza, kwa sababu ndiye aliyekuwa hodari.

Ndiyo maana nasema ada hii ilitufanya. Kitambulisho changu cha taifa kinataja nilikozaliwa, na jina langu linataja baba na babu. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachomfundisha mtu kukaa na wenzake. Kule safuni nilijifunza kwa bega na kwa kiganja kwamba mimi ni mmoja wa watu fulani, na kwamba watu hao hawakuchaguliwa kwa damu.

Ziko sauti leo zinazosema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na yaachwe. Wengine ni ndugu zangu, na tunakula sinia moja. Sitaki kuwabeza, wanaipenda dini yao kama ninavyoipenda. Ninachowaomba ni kwamba wanapozungumza wakumbuke ni nani aliyefunguliwa mlango kwa njia hii, na wasidhani kwamba kuufunga ni jambo dogo.

Kuhusu mashindano ya punda na ya mashua yanayoandaliwa siku hizo, nayapenda, watoto huyapenda zaidi, na wafanyabiashara wa mji hupata riziki. Goma la fimbo na kirumbizi, ngoma zetu za kuchezwa kwa fimbo, katika uwanja wa Riyadha ni jambo jingine, hayo ni ya ndani kabisa. Ila siku ya Ijumaa, zefe, yaani maandamano, inapotoka kwenye ziara ya kaburi la Habib Swaleh na kupita mjini kwa matwari na bendera, ningependa wenye kamera wapishe njia.

Linalonishughulisha zaidi ni hili. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na watu wa bara wamekuja kutafuta kazi na kujenga maisha. Wako Waislamu kati yao, na watoto wao wanasoma madrasa zetu. Nasikia wenzetu wakisema maulidi ni ya wenyeji, wageni watazame. Naumia nikisikia hivyo. Aliyeyaleta alitoka Ngazija, maneno yalitoka Seiyun, na waliokuwa wa kwanza kuyashikilia ni watu ambao mji uliwahesabu kuwa mali ya wengine. Mwenyeji ni nani hapo?

Jamaa yangu mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, waliokuja kutoka bara, amewekwa safu ya mbele na mwanawe yuko nyuma. Nilimwambia akamuulize mwalimu. Alikwenda, na mwalimu akamjibu kwamba yule kijana hakosi mazoezi hata Alhamisi moja, mwanawe hukosa. Jamaa yangu sasa humpeleka mwanawe mwenyewe, kwa mkono, baada ya magharibi.

Msomaji, Mombasa