Indiketa ya kushoto inaunguza fyuzi

SWALI: Lori langu la zamani, volti 24, nikiwasha indiketa ya kushoto fyuzi inaungua papo hapo. Kulia haina shida. Nianzie wapi?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Flasha (kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima) usiibadilishe, ingekuwa mbovu, hata kulia kungesumbua. Shoti iko kwenye waya wa kushoto, baada ya swichi. Kama unavuta tela, chomoa plagi yake kwanza. Kisha toa balbu zote za kushoto, chomeka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi, washa indiketa. Balbu hiyo ikiwaka, shoti ipo: tikisa waya, chomoa soketi mojamoja mpaka izime. Kagua hasa matundu ya chesisi, mpira unaokinga waya tunduni ukiisha bati hukwangua ganda la waya. Fyuzi kubwa zaidi (mafundi wengine huipenda!) itayeyusha waya.