Ukipewa behewa la zamani ulifufue, usianze na viti

Kila nikituma picha za karakana kwenye kundi letu la WhatsApp, swali linalorudi ni lile lile: hivyo viti mmevishona wapi? Watu wanapenda viti. Wanapenda kitambaa chenye maua, vishikio vya shaba, nyavu za kuwekea mizigo. Mimi ni seremala, mtoto wa Tanga, kwa sasa naishi kusini mwa Uingereza, na Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye karakana ya reli ya urithi, yaani reli ya zamani inayotunzwa kama kumbukumbu, ambako tunafufua mabehewa ya mbao kwa kujitolea. Sasa kuna vijana huko nyumbani wananiuliza wafanyeje na behewa kuukuu walilolipata. Jibu langu ni kwamba viti ni kazi ya mwisho. Kwanza tafuteni maji yanaingilia wapi.

Wenzetu huku wameanza shughuli hii zamani. Mwaka 1951 watu wa kujitolea walianza kuendesha reli ndogo ya Talyllyn kule Wales, na mwaka 1960 reli ya Bluebell ikaanza kubeba abiria huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Kwa hiyo kila aina ya uozo wameshaiona. Pale karakanani wanaitana kwa majina matupu, hata mzee wa miaka themanini anaitwa jina lake na kijana wa shule. Mimi nimeshindwa, namwamkia kwanza ndiyo naomba patasi.

Chukua mlango wa behewa la mbao. Dirisha lake linashuka ndani ya tumbo la mlango, nawe unalivuta juu kwa mkanda wa ngozi wenye matundu. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye kioo na kuingia humo humo tumboni. Aliyeunda mlango alilijua hilo, akaacha vitundu chini ili maji yatoke. Baadaye wakaja wapaka rangi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaziba kidogo. Vumbi likajaa, na karatasi za tiketi zikadondokea humo. Ukifungua mlango kama huo leo utakuta ubao wa juu mzima kabisa, unagonga unalia, lakini ule wa chini ukiuchoma na bisibisi inazama mpaka mpinini, na kinachotoka ni uchafu wa kahawia uliolowa kama ugoro. Kwa nje rangi inang'aa. Ndiyo maana ukienda kukagua behewa usikubali kutembezwa ukionyeshwa rangi. Piga magoti, gonga sehemu za chini za milango na kona zote, sikiliza.

Halafu paa. Mabehewa mengi ya zamani yana paa la mbao nyembamba lililotandikwa turubai juu ya rangi nzito yenye madini ya risasi. Turubai likipasuka huoni kitu kwa chini, kwa sababu maji yanasafiri juu ya dari mpaka yapate upenyo, pengine mita mbili kutoka yalipoingilia. Angalia hasa kwenye matundu ya hewa na yale ya taa. Mabehewa yaliyoanza na taa za gesi yalibaki na matundu baada ya kuwekewa umeme, na viraka vyake ndivyo vya kwanza kuvuja. Rangi ya risasi usiipige msasa mkavu. Vumbi lake ni sumu, na watoto wako watalilamba kutoka kwenye nguo zako.

Kama huna banda, jenga banda kabla hujanunua hata msumari. Naona watu wanabisha hapa, wanasema fedha ni kidogo, bora zianze kwenye behewa lenyewe. Lakini tazama. Huku Uingereza miili mingi ya mabehewa iliuzwa zamani bila magurudumu, watu wakaifanya nyumba, mabanda ya kuku, stoo za shamba. Baadhi walijenga paa la bati juu yake. Miaka mingi baadaye wanapoiondoa nyumba ile wanakuta mbao, milango, hata vioo viko salama, wakati kuna mabehewa yaliyokaa nje kwenye reli, yenye magurudumu na sifa zote, yameoza hayafai. Bati lile la mkulima limeokoa mabehewa mengi.

Suala la kung'oa na kubadilisha ndilo linalotugombanisha sana. Pale Makumbusho ya Reli Nairobi kuna behewa ambalo simba aliingia usiku mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, akamuua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, na kumtoa kupitia dirishani. Watu wanakwenda kulitazama dirisha. Ukimpa fundi mwenye haraka atakwambia mbao zile zimechoka, aweke mpya, zitapendeza. Zitapendeza, sawa, ila wageni watakuwa wanaangalia mbao za mwaka jana. Sisi tunakata pale palipooza tu, tunachonga mshazari mrefu, tunaunga kipande kipya, na upande usioonekana tunagonga mwaka ili atakayefungua baadaye asidanganyike. Na kabla ya kung'oa chochote, piga picha na uandike namba kwenye kila kipande. Nyuma ya mbao utakuta namba ya behewa na alama za penseli za mafundi wa kwanza. Usizipige msasa.

Mbao nzuri ni shida. Mabehewa ya LNER, kampuni ya reli ya zamani ya Uingereza, ya enzi za mhandisi wake mkuu Nigel Gresley yalivishwa msaji, yaani mtiki, uliopakwa vanishi tupu, bila rangi ya kuficha kitu, kwa hiyo kiraka cha mti mwingine kinaonekana toka ng'ambo ya stesheni. Msaji mkongwe haupatikani kirahisi, basi watu wananunua samani kuukuu, hasa meza za maabara za shule. Nyingi kati ya hizo ni za mvule. Siku niliyoipitishia randa ya kwanza niliijua kwa harufu kabla sijaitazama. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha pua vibaya. Walio Tanga wana mitiki ya Longuza, Muheza, na sioni kwa nini isitumike, mradi wachague iliyokomaa na kukaushwa vizuri.

Vanishi haina siri zaidi ya subira: paka, acha ikauke, msasa laini, rudia, rudia tena. Ila kumbuka vichwa vya mbao, pale ulipokata kwa msumeno. Huko ndiko ubao unakokunywa maji, na huko ndiko wavivu hawafiki kwa brashi. Vipake kabla hujafunga ubao mahali pake, ukishafunga huvifikii tena.

Mambo mawili usiyaguse mwenyewe. Ekseli zipimwe na mtu mwenye kibali na mashine ya mawimbi ya sauti, kwa sababu ufa wa ndani hauonekani kwa macho. La pili, behewa la chuma la miaka ya 1950 na 1960 lililotengenezwa Uingereza usilifungue kuta mpaka limepimwa. Mengi yalipuliziwa asbesto ya buluu kuzuia joto na kelele, na nyuzi zake ukizivuta haziondoki mapafuni.

Kwa hao vijana walioniandikia: msubiri siku ya mvua kubwa, kisha mwingie ndani na tochi na chaki. Kila tone mlione linakoanguka, mweke alama, mwandike. Mvua ikikatika mpande juu na ngazi mtafute lilikoanzia. Mnitumie picha za paa, si za viti.