Kaa Ndani ya Jiko: Nilivyojifunza Kuunganisha Picha za Vitu vya Nyumbani

Jumamosi moja nilidamka mapema nikaenda soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam, nikanunua kaa mmoja. Muuzaji akanitazama. "Mmoja tu, dada? Huyo hata mtoto hashibi." Nikamwambia nakwenda kumpiga picha. Hakuuliza zaidi; akachakura ndooni, akanitolea mwenye magando yote mawili.

Picha niliyoitaka ilikuwa hii: jiko la mkaa, na mahali pa makaa ya moto wamejaa kaa wa baharini, wanawaka wekundu. Kwa Kiswahili neno ni lilelile, na wazo hilo lilikuwa limenikaa kichwani kwa miezi. Nilimchemsha, maana kaa mbichi ana rangi ya tope na wekundu huja akiiva, kisha nikampiga picha kumi na mbili dirishani, kila mara nikimgeuza upande mwingine ili mmoja aonekane wengi. Usiku nikawasha jiko uani, nikalipiga picha moto ulipokolea. Nikakata, nikapanga, nikaunganisha. Kingo zilikuwa safi kabisa, lakini ukiitazama ile picha, kaa walikuwa vibandiko tu vilivyobandikwa juu ya jiko.

Nilihangaika nayo kwa siku tatu. Nikaongeza wekundu, nikapunguza mwanga, nikakata kingo upya. Haikukubali. Siku ya nne ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe: kila kaa alikuwa anang'aa mgongoni na ana giza tumboni, kwa sababu mwanga wa dirisha ulimwangukia kutoka juu. Kitu kilichokaa ndani ya moto humulikwa kutoka chini. Katika programu yoyote niijuayo hakuna kitufe cha kugeuza hilo.

Nikarudi Feri. Safari hii nilichukua kioo cha meza ya sebuleni, nikakilaza juu ya matofali, nikamweka kaa juu yake na kuzima taa zote. Chini ya kioo nikaweka simu ya mdogo wangu, tochi imewashwa na kufunikwa karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile ya kufungia zawadi. Mwanga ukapenya katikati ya miguu, ukauacha mgongo gizani, ukachora mstari mwembamba wa moto kuzunguka gamba. Nilipoziweka picha hizo juu ya jiko, kazi iliyonishinda kwa siku tatu ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nianze na programu gani, humjibu kuhusu mwanga kwanza. Picha mbili huunganishwa siku ya kuzipiga. Kompyuta inashona tu. Muulize fundi cherehani yeyote: kitambaa kilichokatwa vibaya hakiokolewi na mshono mzuri.

Usianze na kaa, lakini. Anza na kikombe cheupe cha chai na limau. Zoezi lenyewe ni dogo: kikombe ambacho ukichungulia ndani, badala ya chai unaona uso wa limau lililokatwa, na vijumba vyake na mbegu. Vitu hivyo viwili viko katika kila nyumba, na limau likiharibika unakata jingine.

Tazama mdomo wa kikombe. Ukiwa juu yake kabisa ni duara. Ukiinama kidogo unabonyea kama yai, ukizidi kushuka unazidi kuwa mwembamba, hadi macho yako yakiwa sawa na ukingo unabaki mstari mtupu. Limau nalo hufanya vivyo hivyo. Ukipiga kikombe ukiwa umesimama na limau ukiwa umekaa, mayai hayo mawili hayatalingana, na hata asiyejua lolote kuhusu picha atahisi kuna kasoro. Jicho la binadamu limezoea vikombe tangu utotoni, halidanganyiki kirahisi.

Mimi hufanya hivi. Naweka kikombe mezani, naweka alama ya chaki kukizunguka. Simu naisimamisha juu ya ndoo ya lita ishirini iliyogeuzwa, nimeiegemeza kwenye tofali, na tangu hapo haiguswi. Napiga kikombe. Nakiondoa, naweka mahali pake kopo ambalo juu yake nusu limau litakaa kimo kilekile cha mdomo wa kikombe. Napiga tena. Picha hizo mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine, limau linaangukia ndani ya kikombe lenyewe, kwa pembe ileile na mwanga uleule. Kinachobaki ni kuondoa kopo.

Usisogeze simu karibu mno ili kitu kijae. Lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kukifanya kidogo kilicho nyuma, ndiyo maana pua inakuwa kubwa kwenye picha za kujipiga. Rudi nyuma kama mita moja, kisha utapunguza kingo baadaye. Na kabla ya kupiga, shikilia kidole kwenye kioo cha simu mpaka ioneshe imefunga fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, na mwanga. Bila hivyo simu inajiamulia yenyewe: kikombe cheupe itakitia giza, limau italing'arisha, na wewe utabaki unashangaa.

Mwanga wa bure ulio mzuri kuliko wote ni wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Jua la saa sita mchana hapa kwetu linakaribia kuwa utosini. Kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe na ng'aro zinachoma macho. Kama dirisha lako linapigwa na jua, tundika shuka jeupe. Zima taa ya ndani, hasa tyubu, kwa kuwa dirisha na tyubu ni rangi mbili tofauti na upande mmoja wa kikombe utakuwa wa samawati, mwingine wa kijani. Wakati wa masika piga vitu vyote harakaharaka. Wingu likipita katikati ya picha mbili, umerudi mwanzo.

Sasa kompyuta. Nilijifunzia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 1996, kwenye laptop kuukuu yenye kumbukumbu ya GB 4. Ipo pia Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote, na picha zako hazitoki kwenye mashine yako. Zote mbili zinatosha. Photoshop ni nzuri, lakini inalipiwa, na sioni sababu ya mwanafunzi kuanza na deni.

Cha kujifunza humo kabla ya kitu kingine ni leya na maski. Leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya picha, kila kitu kwenye karatasi yake. Photoshop ilitoka 1990, na leya zilikuja 1994. Kabla ya hapo ukishabandika umebandika. Maski ndiyo inayoamua sehemu gani ya leya ionekane: ukipaka rangi nyeusi panafichika, nyeupe panarudi, kijivu panakuwa nusu. Mimi mwanzoni nilikuwa nikitumia kifutio. Nilifuta ukingo wa limau kupita kiasi, nikahifadhi faili, na ule ukingo sikuupata tena. Tangu siku hiyo sijafuta kitu. Naficha.

Mtu akilalamika kwamba kazi hii inachosha, mimi humfikiria mpiga picha Oscar Rejlander, aliyeunganisha negativu (picha za kinyume, nyeusi ikiwa nyeupe, za kusafishia picha) zaidi ya 30 kuwa picha moja huko Uingereza mwaka 1857, bila umeme. Au Jerry Uelsmann, Mmarekani aliyefanya kazi hii maisha yake yote katika chumba cha giza, pale picha za filamu zinaposafishwa, akiihamisha karatasi ileile kutoka mashine moja ya kukuzia hadi nyingine, kila mashine ikiongeza kipande chake. Hawakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Ilibidi picha iwe imekamilika akilini kabla ya karatasi kuguswa.

Twende kwenye kivuli, ambacho ndicho kilichonifundisha zaidi ya yote. Picha yangu ya kwanza ya kikombe niliitundika ukutani. Shangazi alikuja kututembelea, akaitazama akiwa amesimama na pochi mkononi, akasema, "Mwanangu, hilo limau mbona linaelea?" Shangazi hajawahi kugusa kompyuta. Aliona mara moja kile ambacho mimi nilikuwa sikioni baada ya wiki nzima.

Chukua kikombe chochote ukiweke mezani karibu na dirisha, kisha uinamishe kichwa. Utaona vivuli viwili. Kuna mstari mwembamba mweusi pale hasa kikombe kinapogusa meza, kama uzi. Halafu kuna kivuli kipana kinachotoka hapo kwenda upande usio na mwanga, na kadiri kinavyokwenda mbali kinafifia na ukingo wake unalegea. Wanaoanza huchora kile kipana na kusahau uzi. Uzi ndio unaokikalisha kitu mezani. Bila huo kinaelea, kama shangazi alivyosema.

Nauchora hivi: leya mpya, mtindo wa kuchanganya nauweka palipoandikwa Multiply, unaotia giza kilicho chini yake, brashi laini yenye ukolevu mdogo, asilimia 10 au 15, na napita mara nyingi badala ya mara moja. Rangi siyo nyeusi. Kivuli juu ya meza ya mbao ni kahawia nzito, juu ya kitambaa cheupe ni kijivu chenye samawati kwa mbali. Ichukue rangi hiyo kwenye picha yenyewe, mahali penye kivuli cha kweli. Na ukumbuke kwamba vitu hupeana rangi: ndani ya kile kikombe cheupe, pembeni mwa limau, pana umanjano hafifu uliopanda ukutani. Katika picha ya jiko nilipaka rangi ya chungwa kwenye udongo wa ndani ya jiko, na hapo ndipo kaa walipoanza kuonekana wana moto kweli.

Kabla sijasema kazi imekwisha, huigeuza picha kama kwenye kioo, kulia kuwa kushoto, kwa sababu macho yaliyoizoea huamka. Huiondolea rangi kwa muda nione kama weusi wa vitu vyote unalingana. Ikiwa weusi wa kitu kimoja ni kijivu na wa jirani yake ni lami, wametoka nyumba mbili. Pia huikuza nitazame chembe. Picha ya usiku huwa na mchanga, ya mchana ni laini, kwa hiyo natia mchanga kidogo juu ya zote ili zifanane. Halafu naiacha mpaka kesho yake.

Kuhusu picha za kuokota mtandaoni: zina wenyewe, na mwanga wake hukuuchagua wewe. Na tafadhali, usijifunzie kwenye sura za watu. Kichwa cha mtu kwenye mwili wa mwingine kikisambaa kinamwumiza mtu wa kweli, na sheria za makosa ya mtandao zipo, Tanzania tangu 2015 na Kenya tangu 2018. Limau halina familia ya kuaibika.

Mawazo ya picha mimi huyapata kwenye lugha. Wengine huyapata kwa umbo; Chema Madoz wa Uhispania huunganisha vitu vya kawaida kwa mikono mbele ya kamera, kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila kompyuta, na kazi zake nakuomba uzitafute. Lakini Kiswahili kimetuwekea akiba. Taa ni ya kumulika na ni samaki mpana mwenye mkia. Paa ni la nyumba na ni mnyama wa porini. Chungu ni cha kupikia, na ni wadudu wanaopanga foleni. Andika maneno ya namna hiyo kwenye daftari, kila moja ni picha inayokusubiri.

Mimi sasa niko kwenye mbuzi. Ile mbuzi ya kukunia nazi ya mama nimeiweka uani, nimeipiga saa mbili asubuhi kwa upande, kimo cha magoti, mwanga ukitoka kushoto. Panapokaa ulimi wa chuma nataka itoke shingo ya mbuzi wa kweli, ameinamia nusu ya nazi. Jirani anao watatu. Asubuhi mbili nimekwenda na ndoo yangu na chaki, nimepiga alama, nimesubiri, na wote wametazama upande usiofaa. Mwenyewe ameniambia nije kesho na maganda ya ndizi, niyaweke kushoto.